Nia Njema na Shabaha Isiyotulia

Wahenga wetu wamesema: Nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Maneno haya ni ya kweli, wala hakuna mtu mwenye dhamiri awezaye kuyakanusha. Lakini liko swali moja linaloyafuata, ambalo wengi hulipita bila ya kuliangalia. Je, nia njema peke yake yatosha? Mtu akikusudia kuponya, na mkono wake ukaangukia mahali pasipostahili, je, kusudi lake lamwondolea lawama? Na ikiwa hakupaona mahali pale, je, kutoona ni udhuru wake, au ilikuwa wajibu wake apaone kwanza?

Swali hili si geni. Watu wa dini, wanasheria na wanafalsafa wamelijadili tangu zamani. Katika zama zetu, hata hivyo, limevaa vazi jipya, nalo limeingia katika chumba cha matibabu kwa namna iliyo wazi sana. Katika makala haya tunataka kulieleza kwa mfano wa tiba moja: tiba ya mawimbi ya sauti yanayokusanywa mahali pamoja na kuongozwa kwa picha, na hasa inapotumiwa katika viungo visivyotulia, kama vile ini na figo. Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mafundi peke yao. Akitufuata hatua kwa hatua ataona kwamba yanamhusu yeye pia.

Tiba yenyewe ni nini?

Sauti ni mtetemo. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Inayozidi hapo haisikiki, nayo ndiyo iitwayo ultrasaundi. Wengi wanaijua kwa kazi yake ya kupiga picha ya mtoto aliye tumboni mwa mama. Mawimbi hayo huingia mwilini kwa upole, hugonga viungo na kurudi, na kutokana na mwangwi wake picha hutengenezwa. Katika tiba tunayoizungumzia, mawimbi ya jamii hiyo hiyo, ambayo mara nyingi hutetema kama mara 1,000,000 kwa sekunde, hutumwa kwa nguvu kubwa zaidi, tena huelekezwa ili yote yakutane mahali pamoja ndani ya mwili.

Mfano wake ni kioo cha kukuzia kinapokinga jua. Mwanga wa jua ukianguka juu ya karatasi hauiunguzi. Lakini kioo kikiikusanya miali yake katika nukta moja, karatasi huanza kufuka moshi. Hali kadhalika hapa. Ngozi na nyama zilizo njiani hupitiwa na mawimbi yaliyotawanyika, ambayo hayana nguvu ya kudhuru. Pale yanapokutana, joto hupanda hadi digrii 56 au 60 na zaidi, na chembe za mwili zilizopo hapo hufa kwa muda wa sekunde chache. Mahali pa makutano ni padogo mno: upana wa milimita moja au mbili hivi, na urefu wa kama sentimita moja. Tuseme ni mfano wa punje ndefu ya mchele. Uvimbe mkubwa huunguzwa punje baada ya punje, mpaka wote uwe umekwisha kufikiwa. Hakuna kisu, hakuna jeraha juu ya ngozi, wala damu haimwagiki.

Uwezo huu ulijulikana kwanza kwa madhara yake. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin, mwanafizikia wa Ufaransa, alikuwa akitafuta njia ya kuzitambua nyambizi kwa mawimbi ya sauti. Akaona kwamba samaki waliopita mbele ya chombo chake majini walikufa. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza jinsi ya kuyakusanya mawimbi hayo ili yafanye kazi ndani ya mwili wa mnyama bila ya kuharibu yaliyo njiani. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliiendeleza kazi hiyo hata ikafika kwenye ubongo wa binadamu. Siku hizo ilibidi sehemu ya fuvu iondolewe kwanza, kwa kuwa mfupa huyazuia mawimbi na kuyapotosha.

Basi tangu mwanzo wa habari hii tunaona jambo la kuzingatiwa. Nguvu iliyowaua samaki na nguvu iliyofanywa dawa ni moja. Lynn na Langevin wote wawili hawakuwa na chuki na samaki wala na mnyama. Kilichoigeuza nguvu ile kuwa dawa hakikuwa wema wa moyo peke yake. Kilikuwa elimu ya kujua itaangukia wapi.

Jicho la tabibu

Mpasuaji hukiona kiungo anachokikata, na vidole vyake hukigusa. Tabibu wa mawimbi haoni wala hagusi. Nguvu aitumiayo haina rangi, haina sauti, wala mgonjwa haoni inapoingia. Ndiyo maana tiba hii ilikaa miaka mingi bila ya kuenea: mkono ulikuwapo, jicho halikuwapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Boston, Marekani, Ferenc Jolesz na Kullervo Hynynen wa hospitali ya Brigham and Women's walikuwa miongoni mwa walioiunganisha tiba hii na mashine ya picha za sumaku, ile ijulikanayo kwa herufi MRI. Mashine hiyo haionyeshi uvimbe tu. Huweza pia kupima joto la ndani ya mwili bila ya kuingiza kitu chochote. Maji yaliyomo mwilini huitika mbele ya sumaku, na mwitiko wake hubadilika kidogo kila joto linapopanda. Mashine huchukua picha kabla ya kuunguza, kisha huilinganisha na picha ya sasa, na tofauti iliyopo kati ya mbili hizo ndiyo kipimo cha joto. Hivyo tabibu akapata jicho na kipimajoto kwa pamoja.

Kuanzia hapo tiba ikapiga hatua. Mwaka 2004 wakuu wa Marekani wanaosimamia dawa na vifaa vya tiba waliiruhusu kwa uvimbe wa mfuko wa uzazi. Mwaka 2012 iliruhusiwa kwa kupunguza maumivu ya saratani iliyoenea katika mifupa. Mwaka 2016 iliruhusiwa kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono, safari hii ikipita katika fuvu lililo zima, bila ya kulifungua.

Msomaji aangalie mpangilio huu. Mfupa hautikisiki. Kichwa hufungwa katika fremu ya chuma kisisogee. Mfuko wa uzazi husogea kidogo, tena polepole. Tiba iliwaendea kwanza wale waliotulia. Basi ini je? Na figo? Na kongosho? Viungo hivi navyo huugua, na saratani ya ini ni miongoni mwa saratani ziuazo watu wengi duniani. Lakini havitulii, na kwa ajili hiyo vilikawia kufikiwa.

Taabu ya kiungo kinachokwenda

Ini limekaa chini ya kiwambo, yaani ule msuli utengao kifua na tumbo. Kila tunapovuta pumzi, kiwambo hushuka na kulisukuma ini chini; tunapotoa pumzi, hupanda nalo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara ini lake husafiri sentimita moja au mbili, na zaidi akivuta pumzi ndefu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme ini limekwenda sentimita mbili kwa sekunde mbili. Hiyo ni milimita kumi kwa kila sekunde. Sasa picha haiji papo hapo. Mashine huhitaji muda wa kuipiga, kuitengeneza na kuisoma. Ikichelewa sehemu moja ya tano ya sekunde tu, ini limekwisha sogea milimita mbili, nazo ni upana mzima wa ile punje ya mchele. Tabibu anayelenga pale anapopaona, kwa kweli analenga mahali ambapo uvimbe ulikuwapo. Anatazama jana ndogo, na kuitendea kama leo.

Mvuvi wa chusa analijua jambo hili bila ya kufundishwa shuleni. Hamtupii samaki pale alipo, bali pale atakapokuwa chusa litakapofika. Lakini mvuvi akikosa, chusa huzama majini na hasara ni yake. Tabibu akikosa, moto huangukia nyama nzima ya ini, au kifuko cha nyongo, au utumbo ulio jirani, na hasara ni ya mwingine, ambaye amelala na amemwamini.

Kuna taabu mbili zaidi. Ya kwanza ni mbavu. Zinalifunika ini kwa sehemu kubwa, nazo hufyonza mawimbi na kupata moto, hata ngozi iliyo juu yake inaweza kuungua. Ini linapopanda na kushuka nyuma ya mbavu, njia iliyokuwa wazi hufungika. Ya pili ni kipimajoto chenyewe. Tumesema kwamba mashine hulinganisha picha ya sasa na picha ya awali. Kiungo kikiwa kimehama, zinalinganishwa picha za mahali pawili mbalimbali, na mashine inaweza kuonyesha joto pasipo na joto, au kulificha joto lililopo. Jicho halijapofuka, lakini linatoa ushahidi wa uongo, na jicho la namna hiyo ni hatari kuliko upofu, kwa sababu kipofu hujua kwamba haoni.

Njia tatu

Wataalamu wameitafutia taabu hii njia tatu, na kila moja, ukiipima, ina sura yake ya maadili.

Njia ya kwanza ni kumtuliza mgonjwa. Hupewa dawa ya usingizi, akaachiwa mashine ya kupumulia, na kwa muda mfupi pumzi husimamishwa ili ini litulie na mawimbi yapigwe. Kisha hurudishiwa pumzi, na baadaye husimamishwa tena.

Njia ya pili ni kusubiri. Baada ya kutoa pumzi, kabla ya kuvuta nyingine, mwili una kituo kifupi ambapo ini hukaa karibu pale pale kila mara. Mashine huangalia mwendo wa pumzi, na hupiga katika kituo hicho tu. Sehemu nyingine zote za pumzi hunyamaza. Kazi huwa ndefu, lakini mgonjwa anaendelea kupumua.

Njia ya tatu ni kumfuata. Chombo cha kutoa mawimbi huundwa kwa mamia ya vipande vidogo, na kila kimoja huweza kutangulia au kuchelewa kidogo kuliko wenzake. Kwa kuvipanga hivyo, nukta ya makutano huhamishwa bila ya chombo chenyewe kusogea. Picha hupigwa mfululizo, mashine hukisia ini litakuwa wapi, na mawimbi huelekezwa huko. Na kwa ajili ya kipimajoto, mashine haitegemei picha moja ya awali. Huchukua nyingi, kwa kila kituo cha pumzi, ikaziweka kama maktaba, kisha kila wakati huchagua ile inayolingana na hali ya sasa. Kuanzia mwaka 2011, mradi wa Ulaya uitwao FUSIMO, na baada yake TRANS-FUSIMO, chini ya uongozi wa taasisi ya Fraunhofer MEVIS ya Bremen, Ujerumani, ulishughulika na jambo hili hasa: kuyafanya mawimbi yaweze kulifuata ini linalopumua.

Ipo pia tiba nyingine ya jamii hii, iitwayo histotripsi. Hiyo haichomi. Mapigo mafupi mno yenye nguvu huzalisha mapovu madogo, na mapovu hayo huzivunja chembe za uvimbe. Oktoba 2023 Marekani iliiruhusu kwa uvimbe wa ini. Hata hivyo, katika tiba hiyo pia kawaida imekuwa mgonjwa alazwe kwa dawa ya usingizi.

Nani abebe mzigo?

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Mgonjwa anapumua, na chombo kinataka utulivu. Mmoja wao lazima amfuate mwenziwe. Je, ni nani? Mgonjwa ajifanye kama maiti ili chombo kiweze kazi yake, au chombo kifanywe cha kumfuata mtu aliye hai?

Pengine mtu atasema: “Mgonjwa amekubali kulazwa. Ameelezwa, ametia sahihi, na hatasikia maumivu. Kuna ubaya gani?” Jibu letu ni kwamba hatusemi ni dhambi. Kama hakuna njia nyingine, na mgonjwa amefahamu, kumtuliza ni rehema. Lakini tuyapime yanayopotea. Usingizi wa dawa una hatari zake, na mwenye mapafu au moyo dhaifu huenda asiustahimili. Kwa hiyo aliye mgonjwa zaidi ndiye anayeachwa nje ya mlango. Tena, katika tiba ya uvimbe wa mfuko wa uzazi mgonjwa huwa macho, naye hupewa kitufe mkononi. Akisikia maumivu yasiyostahili hukibonyeza, na mawimbi husimama mara moja. Kitufe kile ni jambo dogo, lakini kina heshima kubwa ndani yake. Kinasema kwamba juu ya picha zote na vipimo vyote, yuko shahidi mmoja asiyeweza kupuuzwa, naye ni mwenye mwili. Anapolazwa, shahidi huyo huondoka chumbani. Huenda ikawa lazima, lakini isiwe jambo lisilofikiriwa.

Haki ya kawaida ya wanadamu yatufundisha kwamba mwenye nguvu ndiye amfuate dhaifu. Anayetembea na mtoto hupunguza hatua zake, hamwambii mtoto arefushe miguu. Mgonjwa amekuja na udhaifu wake, na pumzi yake ni uhai wake. Elimu, fedha, mashine na muda viko upande wa tabibu. Basi mzigo wa mwendo wampasa yeye kwanza. Akiweza kufuata, afuate. Asipoweza kufuata, asubiri. Na asipoweza kusubiri, ndipo amwombe mgonjwa atulie, akijua kwamba anaomba jambo kubwa.

Udhuru wa kutoona

Mwingine atasema: “Tabibu amefanya kwa nia safi. Akikosa, Mungu anaujua moyo wake.” Ni kweli, na hatuwezi kumhukumu mtu kwa yale yaliyo nje ya uwezo wake. Lakini kutojua ni kwa namna mbili. Kuna kutojua kusikoweza kuepukwa, na huko ni udhuru. Na kuna kutojua ambako mtu amekuchagua kwa uvivu, au kwa haraka, au kwa kiburi, na huko si udhuru hata kidogo. Dereva aendeshaye gari usiku bila ya taa hawezi kujitetea kwa kusema hakumwona mtu njiani. Hakumkusudia, ni kweli. Lakini alikusudia kwenda bila ya taa, na kosa lake limo humo.

Hivyo ndivyo ilivyo hapa. Tangu ijulikane kwamba ini husogea, anayepiga kana kwamba limetulia hawezi tena kujificha nyuma ya nia yake. Nia njema iliyo kamili haiishii kutaka heri. Hutafuta pia njia ya kujua kama heri hiyo imefika, na huwa tayari kuzuia mkono inapokuwa haioni. Ndiyo maana ile njia ya pili, ya kusubiri, yastahili heshima kuliko inavyopewa. Kwa nje inaonekana kama kutofanya kitu, lakini katika zile sekunde ambazo mashine imenyamaza, mwili wa mtu unalindwa.

Mashine inapofuata badala ya mtu

Katika njia ya tatu limo swali lingine. Mashine hukisia na kupiga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna tabibu awezaye kuamua kwa kasi hiyo. Basi likitokea kosa, nani ataulizwa? Mashine haina dhamiri, haijuti, wala haiwezi kuomba radhi.

Wengine hudhani kwamba hapa wajibu umepotea, kwa kuwa hakuna mkono wa mtu. Sisi twaona kwamba haukupotea, bali umehamia nyuma. Yule aliyeandika hesabu za mashine, yule aliyeijaribu, na tabibu aliyeamua kwamba inamfaa mgonjwa huyu mwenye mpumuo huu, hao ndio waliopiga kabla ya pigo. Maswali yao ni haya: Mgonjwa akikohoa ghafula, mashine itafanya nini? Ikipoteza alama iliyokuwa ikiifuata, itaendelea kwa kukisia, au itasimama? Chombo kilichotengenezwa kwa uaminifu ni kile ambacho kisipoona husimama chenyewe. Aliyekiunda hivyo ametia ndani yake sehemu ya dhamiri yake, wakati wa utulivu, ili iwepo wakati wa haraka. Na tabibu akabaki pale, akitazama, mwenye uwezo wa kusimamisha yote.

Je, mambo haya ni ya matajiri?

Huenda msomaji wa Afrika akauliza yanamhusu nini, ikiwa mashine zenyewe zi ghali na nyingi ziko mbali. Ni swali la haki. Lakini saratani ya ini si ugonjwa wa ng'ambo. Katika Afrika iliyo kusini ya Sahara huwapata wengi, na miongoni mwa sababu zake kubwa ni virusi vya homa ya ini ya aina B, na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, ambayo huingia katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Chanjo ya homa hiyo ipo, na kuanika mazao vizuri hakuhitaji sumaku. Asingoje mtu mashine ya kuunguza uvimbe ambao chanjo ingaliuzuia. Na hata hapa kanuni ni ile ile: mwenye uwezo amfuate mhitaji pale alipo. Zahanati inayopeleka chanjo kijijini haingoji kijiji kiijie.

Picha ya jana

Tumesema mwanzoni kwamba jambo hili lamhusu kila msomaji. Si kila mmoja wetu ameshika chombo cha mawimbi, lakini kila mmoja ana nguvu ambayo haionekani, nayo hufika ndani ya watu: neno la kuonya, hukumu juu ya mwenzi, sifa au lawama mbele ya watu. Nguvu hiyo huponya, na hiyo hiyo huunguza. Na wale tunaowaelekezea hawatulii. Moyo wa mtu hupanda na kushuka kuliko ini.

Aliyewahi kubadili njia yake ya maisha anajua uchungu wa kutendewa kwa picha ya zamani. Ameacha ulevi miaka mitano, na jamaa zake bado humzungumzia kama mlevi. Ametoka katika ujinga fulani, na mwalimu wake angali akijibu maswali ambayo yeye hayaulizi tena. Wanaomwonya wanamtakia heri. Lakini wanapiga pale alipokuwa, na joto lao linaangukia nyama iliyopona. Kisha hushangaa kwamba anaumia, na husema ana moyo mgumu.

Hali kadhalika mtafutaji wa ukweli. Leo anauliza kwa dhihaka, kesho anauliza kwa kiu, na maneno ya swali huenda yakawa yale yale. Anayetaka kumfaa hatosheki na picha moja aliyoichukua siku walipokutana. Huhitaji picha nyingi, na kila mara huitafuta ile ya sasa. Akiwa hana uhakika yuko wapi leo, hungoja, na humsikiliza kwanza.

Basi tukirudi katika swali letu, jawabu ni hili. Nia njema ni tabibu, lakini tabibu asiyetazama ni hatari kwa mgonjwa wake. Mwenye nguvu ya kumgusa mtu ndani amewajibika kumjua jinsi alivyo sasa, wala si jinsi alivyokuwa. Mzigo wa kufuata ni wake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu. Na pale asipoona, kuuzuia mkono wake ni sehemu ya wema ule ule uliomfanya aunyanyue. Kila mmoja na ajipime: maneno yangu ya jana yalimfikia mtu aliyepo, au yaliangukia mahali alipokwisha kuhama?